Mwezi wa Tano, Bila Wageni

Meneja amebandika karatasi jikoni:
hoteli imefungwa hadi Juni ishirini,
mshahara nusu, sare zirudi zimefuliwa.
Sare nimerudisha. Kibendera cha manjano,
kile ninachokiinua juu watu wasinipotee
kati ya Darajani na Forodhani,
kimebaki mkobani. Hakuna aliyekiulizia.

Leo nimetoka saa tatu, mvua imepumua.
Natembea kama mtu asiyedaiwa.

Miaka tisa napita Hurumzi kwa dakika kumi na nne:
chakula cha mchana ni saa sita na nusu,
na yuko mzee wa Valensia, goti linamsumbua.
Miaka tisa nasimama hatua mbili kulia kwa mlango,
nasema misumari, nasema tembo, nasema Bara Hindi,
wanapiga picha, twende.
Leo nimeuegemea.
Ndani mtu anatwanga thumu
na redio inasoma tanzia, polepole,
jina, mtaa, maziko baada ya alasiri.
Nimesikiliza mpaka jina la mwisho.

Maduka ya picha za twiga yana kufuli juu ya kufuli.
Vinyago vya Mselem vimefunikwa nailoni,
vimesongamana kama wagonjwa wa homa.
Mwenyewe yuko nje anacheza keram na mwanawe,
shule yao imeingia maji.
"Ghanima, hujaleta mtu?"
"Sijaleta mtu."
"Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema.
Basi mwenyeji leo atajiponya na nini? Kaa."
Nimekaa. Kumbe kibaraza chake kina shimo,
dogo, la duara, la kuwekea kikombe;
hakuna aliyelichonga, limechimbwa na vikombe tu,
kahawa moja baada ya nyingine,
tangu kabla yetu sote.
Nimefungwa mara mbili. Nimelipa kahawa.

Kiponda mtaro umekuja juu hadi vizingitini.
Vijana wamepanga matofali, nikavuka
kanga nimeipandisha, mkono ukutani,
na ukuta ukanipaka chokaa kiganjani.
Wageni huwakataza kugusa kuta.
Huwaambia: zimechoka.
Sikuwahi kuwaambia kuwa nazo zinagusa.

Halafu nikapotea.
Mimi, mwenye kitambulisho cha mtembeza watu!
Nilimfuata paka mwenye nusu ya mkia
nyuma ya msikiti mdogo usio na mnara,
nikatokea kwenye ua nisioujua:
kamba sita, mashuka yasiyotaka kukauka,
na bibi mmoja akishona kofia,
vitundu vidogo kama macho ya dagaa.
"We mtoto wa nani?"
Nikamtajia baba. Akasubiri.
Nikamtajia babu.
Akakata uzi kwa meno, akasema:
"Yule alikufa na deni langu. Mkebe wa samli."
Hilo halimo katika maelezo yangu ya Kiingereza,
wala ya Kihispania.
Nimemuahidi samli. Anaitwa Bi Shinuna.
Sina hakika nitaiona tena njia ya kumpelekea.

Shangani nikakutana na mgeni wa mwaka mzima,
mmoja, koti la mvua, viatu mkononi,
ramani yake imelowa imekuwa uji.
Akaniuliza njia ya kwenda pwani.
Mdomo ukafunguka wenyewe,
yale maneno yakajipanga mstari kama askari wa gwaride,
kushoto, nyumba ya, mwaka wa, tafadhali tazameni juu,
nikayaangalia yote, nikasema:
"Sijui."

Akacheka. Akaikunja ile ramani kama tambara,
akashika kichochoro kinachokwenda kwa wauza kuku.
Atafika. Mji huu mdogo,
ukipotea sana utaangukia majini.

Forodhani mabenchi yote yamelowa.
Muuza urojo mmoja, mwavuli mmoja, hana haraka.
Nikatafuta noti mkobani, nikatoa kibendera.
Nimefutia benchi, upande wangu tu.
Kinafyonza vizuri.